Bastola katika umbali wa hatua mbili: tuipime vipi mbinu ya kujihami?

Muuza Misumari, Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wote.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na kwa kuwa saruji na mabati bado hununuliwa kwa fedha taslimu kuliko watu wa M-Pesa wanavyodhani, miaka minne iliyopita niliomba cheti cha kumiliki silaha nikapewa. Ni bastola ya milimita 9, ya magazini, yaani yenye kisanduku cha risasi ndani ya kitako, ya kawaida kabisa. Tangu wakati huo nimefunzwa na wakufunzi watatu, wote kwa nia njema, na kila aliyekuja amebomoa alichojenga mwenzake.

Wa kwanza alinisimamisha mita kumi kutoka kwenye shabaha, bastola mikononi miwili, akaniambia nisifyatue kamwe kabla ya kuona kijino cha mbele cha kulengea kimekaa sawasawa katikati ya mwanya wa nyuma. Wa pili alisema huo ni mchezo wa mashindano, kwamba mtu akikujia kwa ubaya jicho lako halitamwacha ili litazame kijino, na kwamba nielekeze bastola kwa mkono mmoja kama ninavyomnyooshea mtu kidole. Wa tatu, kijana aliyejifunza mengi kwenye video, alinifunza kuibana bastola kifuani huku mwili umegeuzwa ubavu, akaniapia kwamba hiyo ndiyo mbinu ya siku hizi. Nilipofyatua kwa mtindo wake matundu yalikaa vizuri, lakini nilikuwa nimesimama tuli, hapakuwa na mtu aliyenijia, na mimi ndiye niliyechagua dakika ya kufyatua.

Siulizi ni mbinu gani iliyo bora, maana nikiuliza hivyo nitapata mkufunzi wa nne. Ninachouliza ni hiki: mtu wa kawaida, asiye askari, ataipimaje mbinu aliyofunzwa ili ajue kama inafaa kwa maisha yake mwenyewe? Maisha yangu ni haya. Hurudi nyumbani saa mbili usiku. Kutoka mlango wa gari hadi kwenye lango langu ni hatua tatu, kushoto kuna ukuta wa jirani, na yeyote atakayetokea atatokea kwenye kona ambayo haiko mbali nami kuliko urefu wa kitanda. Huvaa shati nje ya suruali, na Ijumaa huvaa kanzu. Chemba ya bastola, yaani pale inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, huiacha tupu, kwa sababu nina watoto, jambo ambalo mkufunzi wa pili alilicheka waziwazi.

Afande Mstaafu, Malindi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nilifunza askari kutumia silaha ndogo kwa zaidi ya miaka ishirini, na nikusomapo naona kwamba wakufunzi wako hawakukudanganya hata mmoja. Kila mmoja alikupa jibu la swali lake, ila hakukwambia swali lenyewe lilikuwa nini. Niruhusu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mbinu hizi zina ukoo, na ukiujua ukoo utajua kila moja ilizaliwa kwa shida gani.

Mbinu ya mkufunzi wa pili ndiyo kongwe. Ilipata sura yake huko Shanghai, ambako Mwingereza William Fairbairn, aliyejiunga na polisi wa mji ule mwaka 1907, pamoja na mwenzake Eric Sykes, waliwafunza askari waliokuwa wakikutana na majambazi usiku, vichochoroni, mara nyingi katika umbali usiozidi hatua nne. Waliona kwamba mtu aliyeshtuka huchutama kidogo, hukaza mkono na humkodolea macho anayemtisha, wakaamua kuyajenga mafunzo juu ya tabia hiyo badala ya kushindana nayo. Wanaowanukuu leo husahau nusu ya fundisho lao. Kufyatua mkono ukiwa kiunoni kuliwekwa kwa ajili ya adui aliye karibu kabisa kukugusa, na kadiri nafasi ilivyoongezeka ndivyo mkono ulivyopandishwa, mpaka usawa wa macho.

Mbinu ya mkufunzi wa kwanza ilizaliwa California. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jack Weaver, afisa wa sherifu wa kaunti ya Los Angeles, alikuwa akishindana na watu waliochomoa bastola na kufyatua kutoka kiunoni kwa kasi ya kustaajabisha. Yeye aliiinua hadi machoni kwa mikono miwili, mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta. Alichelewa kidogo, lakini alipiga, na wenzake walikosa haraka. Jeff Cooper, mwandishi wa mambo ya silaha, aliyaona hayo, akayafanya kuwa mtaala, na mwaka 1976 akafungua shule yake Arizona. Katika miaka ya 1980 washindani kama Rob Leatham na Brian Enos waliunyoosha mkono wa pili pia, mikono yote miwili ikatoka mbele ya kifua kama pembetatu, na huo ndio mkao unaofunzwa mahali pengi leo, kwa sababu unakubaliana na jinsi mwili unavyojipanga wenyewe ukishtuka.

Ile ya kifuani, aliyokupa kijana wako, ni mbinu ya kuilinda bastola isinyang'anywe. Mtu akiwa karibu kiasi cha kukushika shati, ukinyoosha mikono unamkabidhi silaha. Basi ngumi iliyoshika kitako hubanwa kwenye mbavu, juu, chini ya titi, na mdomo wa bastola hutazama mbele na chini kidogo. Ina masharti mawili ambayo nina shaka kama uliambiwa. Slaidi, yaani chuma cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kila unapofyatua na kuingiza risasi nyingine, inahitaji nafasi ya kurudi nyuma, na ikikwama kwenye shati umebaki na risasi moja tu. Kwa hiyo bastola huinamishwa nje kidogo, iachane na nguo. La pili, ukiusukuma mdomo wa bastola ya magazini kwenye mwili wa mtu, slaidi inaweza kurudi nyuma kidogo na bastola ikakataa kufyatuka. Bastola ya silinda (rivolva) haina ugonjwa huo, na ndiyo sababu wazee wengine hawajaiacha.

Sasa nikujibu. Kipimo cha kwanza cha mbinu ni umbali, na umbali mimi huupima kwa mkono wangu, si kwa mita. Mtu akiweza kunigusa, mkono wangu wa kwanza una kazi ya kumzuia na kujitoa, na bastola, ikiwa itatoka kabisa, itabaki ubavuni. Akiwa upande wa pili wa chumba, naweza kuinyoosha bastola na kuona umbo lake juu ya umbo la adui, hata kama sikioni kijino vizuri. Hapo ugomvi wa jicho na mkono karibu unakwisha, kwa sababu mkono uliofika usawa wa macho tayari umelenga nusu. Akiwa mbali zaidi ya hapo, asiyetazama kijino anatupa mawe gizani. Kwa hiyo usichague moja kati ya hizo tatu. Zione kuwa ni vituo vitatu vya safari moja ya mkono, na ujue ni kituo gani unaweza kusimama.

Kipimo cha pili ni saa. Tafuta mtu mwenye taima ya kulengea, ile inayolia bila kukuambia lini na kusikia mlio wa risasi. Weka karatasi yenye duara la sentimita 20, yaani kiasi cha sahani, mita tatu mbele yako. Vaa unavyovaa kila siku. Kisha uhesabu jaribio moja tu, la kwanza kabisa la siku hiyo, kabla mkono haujapata moto. Jaribio la kumi na tano humsifu mkufunzi, na la kwanza ndilo litakalokukuta langoni. Andika sekunde, andika kama ulipiga sahani au la, nenda zako, urudi juma lijalo. Baada ya miezi miwili utakuwa na daftari, na daftari halina haya.

Kuhusu chemba tupu, asikucheke mtu. Polisi wale wale wa Shanghai walibeba hivyo kwa amri, na Waisraeli nao walifunza hivyo kwa muda mrefu. Lakini lipime vile vile, kwa saa, na uwe na kitu mkono wa kushoto.

Mazoezi ya nyumbani yafanye kwa bastola tupu, risasi zote zikiwa chumba kingine, umeangalia chemba kwa jicho na kwa kidole, na mdomo umeelekea ukuta ambao hata ukisahau hakuna mtu nyuma yake. Kidole cha shahada hakiingii kwenye triga mpaka umeamua. Sina mzaha katika hili, nimezika mwanafunzi.

Kijana wa Maweni

Kwa heshima zote, Afande, maelezo ni mazuri lakini yamezunguka. Kuna kanuni inayojulikana duniani kote kwamba mtu mwenye panga akiwa ndani ya mita saba ni halali kumfyatulia, kwa sababu atakufikia kabla hujachomoa. Muuza Misumari ana umbali wa mita mbili. Kwa nini apoteze muda na sahani na daftari? Achomoe haraka, afyatue mpaka magazini iishe.

Afande Mstaafu, Malindi

Mwanangu, hiyo siyo kanuni. Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu wa kawaida aliweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, muda ambao askari wake walihitaji kuchomoa na kupiga. Alikuwa anaonya kwamba hatari huanza mapema kuliko tunavyodhani, ili mtu ajitenge, atafute kizuizi, atoe sauti. Hakuchora mstari ardhini na kusema anayeuvuka auawe. Na ukilisoma jaribio lake kwa makini utaona linakupinga: ikiwa mita 6.4 ni sare, basi mita mbili umeshashindwa kuchomoa kabla hujaanza, na unachohitaji kwanza ni miguu.

Na hiyo ya kumaliza magazini inadhani kwamba risasi ya bastola humwangusha mtu papo hapo. Cooper alipenda kusimulia kisa cha Mike Rousseau, mamluki aliyekuwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji: alikutana kwenye kona na mpiganaji mwenye bunduki, akampiga mbili kifuani, na yule akaendelea kuja. Kisa hicho kilizaa zoezi la mbili kifuani na moja kichwani, linaloitwa kwa jina la Msumbiji hadi leo. Mimi funzo ninalolichukua ni dogo kuliko zoezi lenyewe: usisimame pale pale ukingoja risasi ikufanyie kazi. Sogea, tazama, kisha uamue tena.

Mlinzi wa Daka, Lamu

Nawaandikia kutoka Mkomani, na nimesoma kwa heshima maneno ya Afande, lakini naona mazungumzo yote yamekaa kana kwamba risasi ikikosa huyeyuka. Ninasimamia nyumba ya wageni, nina leseni kama nyinyi, na tangu nipewe silaha hii nimefikiria zaidi kuhusu kuta kuliko kuhusu adui.

Mnaijua mitaa yetu. Ipo myembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena ya mawe akija, mtu hujibanza dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlango wa nyumba, mpaka apite. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na risasi ya milimita 9, yenye uzito wa gramu saba na nusu au nane na mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, haizipiti. Lakini ikizigonga kwa mshazari hairudi kama mpira unavyorudi. Huelekea kuufuata ukuta, ikiteleza karibu nao, mpaka imkute aliyeegemea mbele huko. Kwa hiyo fundisho la kujibanza ukutani, ambalo filamu zimetuzoesha, kichochoroni ni la kukuweka kwenye njia ya risasi. Nje ya mji mkongwe hali inageuka. Nyumba za miti na udongo, milango ya mbao, mabati, makuti, hivyo vyote risasi huvipita ikiwa bado na nguvu, na upande wa pili kuna mtu amelala. Muuza Misumari ametaja ukuta wa jirani wa kushoto, lakini hakusema nyuma ya kona kuna nini, wala ukuta huo ni wa nini.

Kwa hiyo mimi ningeongeza kwenye daftari la Afande safu moja: risasi iliyokosa sahani ilikwenda wapi? Mbinu ya kuelekeza kwa mkono mmoja ina kasi, sikatai, na hao wa Shanghai walikuwa vichochoroni kama mimi. Lakini makosa yake yana tabia ya kutawanyika kushoto na kulia, na kushoto na kulia ndiko watu wanakoketi barazani. Mimi nimeamua, kwa mahali pangu, kwamba ikiwa siwezi kuinua bastola hadi machoni na kuona kilicho nyuma ya mtu, basi jambo hilo ni la mikono, miguu na sauti. Afande anaweza kuniona mwoga. Afadhali hivyo kuliko kuulizwa na jirani.

Jambo jingine dogo lakini limenitesa: mlio. Bastola ikifyatuliwa kati ya kuta mbili za mawe, chini ya wikio, yaani chumba kilichojengwa kuvuka juu ya mtaa, husikii kitu baadaye isipokuwa king'ora kichwani mwako mwenyewe. Hutasikia mtu akikuambia acha. Hutasikia hata mke wako. Nilifyatua mara moja bila vizibo vya masikio, uwanjani, mahali pa wazi, na masikio yalilia siku mbili. Ndani ya kichochoro sitaki kujua.

Afande Mstaafu, Malindi

Sikuoni mwoga, Mlinzi. Safu hiyo ya daftari naichukua, na nilipaswa kuiandika mwenyewe. Lakini nina tofauti nawe sehemu moja. Aliye chini, ameshikwa koo, hana nafasi ya kuinua chochote machoni, na katika hali hiyo risasi kutoka ubavuni huelekea mwilini mwa anayemkaba, hairuki mtaani. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha mkono kisifutwe. Kiwekewe tu mpaka: ni cha kugusana, na mita mbili si kugusana.

Wakili, Barani

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wenye utaalamu ambao mimi sina. Nimetetea watu mahakamani na ningependa kuwaeleza mbinu inavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 63, kifungu cha 17, inasema kwamba wajibu wa jinai kwa mtu aliyetumia nguvu kujilinda au kulinda mali utaamuliwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza (common law). Kwa lugha ya dukani, mahakama huuliza kama uliamini kweli kwamba uko hatarini, na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyoiona. Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inalinda uhai wa kila mtu, pamoja na wa yule aliyekuja na panga. Kwa askari polisi, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 katika Jedwali lake la Sita inakwenda mbali zaidi na kueleza wazi kwamba silaha ya moto hutumika pale njia nyepesi zaidi zisipotosha. Raia hasomewi jedwali hilo, lakini nisingependa kumtetea raia aliyefanya kile ambacho askari angekatazwa.

Kwa hiyo Kijana wa Maweni, ushauri wako wa kumaliza magazini ni ushauri wa kunipatia mimi kazi. Kila risasi hudai maelezo yake. Ya kwanza unaweza kuieleza. Ya pili labda. Ya tisa, iliyopigwa wakati mtu amegeuka au ameanguka, nitaielezaje mimi? Kama mbinu fulani inakufunza kufyatua mfululizo bila kuangalia tena, hiyo ni kasoro ya mbinu, na ipimwe kama kasoro, hata kama matundu yote yamo ndani ya sahani. Ningemwomba Afande awape wanafunzi zoezi ambalo mara nyingine jibu sahihi ni kutofyatua.

Na Muuza Misumari, fedha taslimu zako ni mali. Maisha yako ni kitu kingine. Usivichanganye ukiwa langoni, maana hakimu atavitenganisha.

Mlinzi wa Daka, Lamu

Hilo la mwisho la Wakili liandikwe kwenye kila cheti.

Afande Mstaafu, Malindi

Zoezi hilo lipo, Wakili, na ndilo linalowaangusha wengi. Nachora picha za watu kwenye karatasi, wengine wameshika panga, wengine simu, mmoja ameshika mtoto. Mwanafunzi amegeuza mgongo; taima ikilia anageuka. Hata wale wanaoshindana kwa kanuni za IDPA, chama cha mashindano ya bastola ya kujihami kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996 na ambacho mashindano yake hufanyika hapa kwetu pia, pale Kirigiti, Kiambu, huadhibiwa kwa kupiga picha ya asiye na hatia. Mchezo ule una mapungufu yake, lakini unapima kwa pamoja vitu viwili ambavyo watu hupenda kuvitenganisha: kila alama uliyopoteza kwa kukosa katikati huongezwa kama sekunde kwenye muda wako. Huwezi kujificha nyuma ya kasi, wala nyuma ya usahihi.

Muuza Misumari, Malindi

Nimerudi baada ya majuma tisa, na naomba radhi kwa ukimya. Nilitaka daftari liwe na kitu.

Nilikwenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, mara sita, na kila mara nilihesabu jaribio la kwanza tu la kila mbinu, kama nilivyoagizwa. Shati nje, mita tatu, sahani ya Afande. Kwa mikono miwili na macho juu ya kijino, muda wangu ulikuwa kati ya sekunde mbili na nusu na tatu, na nilikosa mara moja. Nilirudia mlolongo ule ule kwa kuelekeza kwa mkono mmoja, nikapunguza karibu nusu sekunde, nikakosa mara tatu; na kwa kufuata safu ya Mlinzi, nilitembea hadi kwenye tuta la nyuma ya shabaha kutazama. Mbili zilikuwa upande wa kushoto, moja mbali sana. Upande wangu wa kushoto ni ukuta wa jirani, na ukuta huo, nilipochunguza, ni wa matofali membamba na nyuma yake ni chumba cha bibi yake jirani. Sikulala vizuri siku hiyo.

Mbinu ya kifuani niliijaribu kwa umbali wa mkono na haikunipa shida; kwa mita tatu ilikuwa aibu, sitataja idadi. Kwa hiyo naona Afande alisema kweli kuhusu vituo vitatu, na naona pia kwamba kijana aliyenifunza hakuwa mjinga, alinionyesha tu ufunguo bila kuniambia ni wa mlango upi.

Chemba tupu ndiyo iliyoniumiza moyo. Nikiwa na mikono yote miwili huru iliniongezea chini ya sekunde moja, na hilo ningelivumilia. Lakini Afande aliniambia niwe na kitu mkono wa kushoto, nami nikabeba mfuko wangu wa fedha wa kila siku. Taima ilipolia nilichomoa bastola, nikasimama nayo kama mtu aliyeshika bilauri, kwa sababu mkono wa kuvuta slaidi ulikuwa umeng'ang'ania mfuko. Nilirudia mara ya pili kwa makusudi kuutupa, na mara ya pili pia sikuutupa. Mfuko ule nimeubeba miaka kumi na miwili; mkono haukubali kuuachia kwa sababu ya kengele.

Nikapima na jambo ambalo hamkuniambia nilipime. Nilimwomba kijana wangu wa dukani ajifiche kwenye ile kona, mimi nikiwa sina silaha yoyote mwilini, atokee kwa ghafla akiwa na ufagio. Tulifanya mara nane usiku. Mara zote nane alinigusa kabla mkono wangu haujafika kiunoni. Kisha nilirudisha gari nyuma urefu wa gari moja, nikaweka taa inayowaka yenyewe mtu akipita pale kwenye kona, tukarudia. Mara sita kati ya nane nilimwona nikiwa bado ndani ya gari, mlango umefungwa, injini inanguruma.

Kwa hiyo mabadiliko niliyofanya mpaka sasa ni haya: taa, mahali pa kusimamisha gari, na fedha za duka zinakwenda benki saa tisa mchana, mfuko haurudi nyumbani. Bastola ipo. Ninaendelea na mikono miwili, na kila mara nikimaliza nafanya mizunguko kumi ya kifuani kwa umbali wa mkono, basi. Chemba bado ni tupu, kwa sababu watoto bado wapo, na sasa najua gharama yake kwa namba badala ya kuijua kwa kicheko cha mtu.

Lililobaki ni la Ijumaa. Sijaipima kanzu. Nimejaribu nyumbani na bastola tupu, na kabla ya kuifikia ilinibidi nikusanye kitambaa kama mwanamke anayevuka maji, kisha kikanirudia mkononi. Afande, kuna njia, au siku hiyo niiache kwenye kasha la chuma?

Afande Mstaafu, Malindi

Wengi ninaowajua huiacha kwenye kasha, na msikitini ndivyo inavyofaa. Lakini kwa kuwa umeshanunua daftari, njoo nayo renji Jumamosi tupime. Lete kanzu ya zamani, maana slaidi ikishakiuma kitambaa kile hakishoneki.